Kilima cha Tatu

Bakora ilikuwa imeegemezwa kwenye mti. Haikuanguka wala haikutupwa. Mwenyewe aliisimamisha vizuri, akakaa, kisha akaondoka bila ya kuichukua.

"Ni yake," alisema Mahfoudh. "Nimemnunulia mimi, dukani Mlandege."

Makame, mlinzi wa msitu, aliinama akagusa majani yaliyolala chini ya mti. "Hajaondoka zamani."

Mzee Ismail, baba yake Mahfoudh, alikuwa na miaka sabini na sita. Kwao Makunduchi ardhi ni bapa. Tangu ahamie kwa mwanawe Mwanakwerekwe, kila Jumamosi alikwenda Masingini, akapanda vilima vya msituni kuutazama mji kwa juu, akarudi kabla ya adhuhuri. Leo hakurudi. Simu yake ilikuwa nyumbani, kwenye chaja. Alfajiri alijidunga sindano yake ya kushusha sukari. Chai na mkate vilikutwa mezani, havijaguswa.

Sasa ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Mahfoudh alikuwa mpimaji ardhi, mtu wa hesabu, na hesabu hii hakuipenda: sindano bila ya chakula, kwa muda wa saa kumi na moja. Mfukoni alikuwa na chupa ndogo ya asali. Daktari alimwambia kwenye simu kwamba vijiko viwili vingetosha, akipatikana kabla hajazimia.

Makame alishatafuta watu wengi katika msitu huu, na alikuwa na utaratibu wake. Vilima vitatu vina uwazi wa kutazamia, na sauti ikitoka pale hushuka mabonde yote. Unapanda, unaita mara mbili, unanyamaza dakika nzima. Pakiwa kimya, unakwenda kilima cha pili.

"Anayepiga kelele hasikii," alisema. "Kuna watu waliitika, na waliokuwa wakiwatafuta bado wanapayuka."

Kwenye kilima cha kwanza walishaita. Bakora waliikuta walipokuwa wakishuka.

Simu ililia wakiwa njiani kupanda cha pili. Alikuwa Rahila, mkewe Mahfoudh.

"Mshampata?"

"Bado. Nnamwita."

"Mwite kwa nguvu! Hujui masikio ya babako? Mie nnamwita chai mpaka sauti inikauke, ndo aseme 'naam', tena taratibu, kama mfalme."

"Masikio yake mazima, Rahila. Kapimwa mwaka jana, nimekiona cheti."

"Basi cheti kije kinywe chai. Mwite kwa nguvu."

Walipofika juu, Mahfoudh aliita kwa nguvu. "Babaaa!" Kisha tena: "Babaaa!" Mwangwi ulizunguka bondeni ukafa. Makame aliangalia saa yake mpaka dakika ikatimia. Kima mmoja alirukia tawi jengine. Hapakuwa na zaidi.

Upande wa pili wa kilima, njia ilipolowana, walikuta ndara moja ya kushoto. Kando yake nyayo zilishuka kwenye udongo mwekundu, moja ya ndara, moja ya mguu mtupu. Makame alizifuata hatua ishirini, akarudi na sura nyengine.

"Mtu aliyepotea huzunguka," alisema. "Huyu hazunguki. Kakata moja kwa moja, na hatua zake ndefu. Alikuwa akikimbia."

"Miguu ile haiwezi kukimbia, Makame. Vilima hivi huvipanda pole pole, kwa bakora."

"Mie nakwambia ninachokiona."

"Anamkimbia nani?"

Makame alijikuna shingo. "Leo msituni tumo sisi na kima tu. Mlangoni sikumwandika mtu mwengine."

Nyayo zilipotelea kwenye majani makavu. Mahfoudh alitoa chupa ya asali, akaitazama, akairudisha. Alijaribu kufikiri kama anavyofikiri kazini, pembe na umbali, lakini kila alipoanza aliiona ile chai mezani, imeganda juu.

Walipofika kilima cha tatu jua lilikuwa linagusa bahari. Kutoka pale mji wote ulionekana: bandari, minara, bati za Mwanakwerekwe mbali upande wa kusini. Siku nyengine angeweza kuonesha kwa kidole paa la nyumba yake. Sasa hakutazama. Chini ya mwamba palikuwa na vichaka vizito, tayari vimeshaingia giza.

"Babaaa!"

Koo lilimuwasha kama lililopakwa pilipili.

"Babaaa!"

Sauti ilikatika katikati, ikawa kilio. Alivuta pumzi aite tena. Makame alimshika mkono, akauminya.

"Nyamaza, ndugu yangu. Nyamaza tusikilize. Pengine anajibu kwa sauti ndogo."

Mahfoudh aliimeza ile pumzi. Walisimama dakika nzima, kisha Makame akaongeza nyengine. Kwa mbali adhana ilianza, msikiti mmoja, kisha mingi.

"Twende," alisema Makame. "Usiku hatutaona kitu. Kesho alfajiri nitaleta watu kumi."

Mahfoudh alijua kwamba hesabu haifiki kesho alfajiri. Aliiweka chupa ya asali juu ya mwamba, akakilegeza kifuniko ili mkono dhaifu uweze kukifungua, akashuka bila ya kugeuka.

Hatua thelathini chini ya mwamba ule, nyuma ya gogo, Mzee Ismail alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na vidole viwili vya mkono wa pili amevikunja. Sauti ilikuwa ya mwanawe hasa, kama ilivyokuwa kwenye vilima vile viwili. Lakini bibi yake alimfunza tangu utotoni kwamba shetani huweza kuiga sauti ya yeyote, ila hawezi kuita mara ya tatu, na binaadamu haitiki kabla ya hiyo. Alitega sikio, kidole cha tatu kimenyooka, akisubiri kukikunja.