Jike la Nyenje la Drocella

Huko Muheto, Drocella alifuga nyenje ndani ya beseni lenye udongo. Jike lake kubwa lilitaga, kisha likala mayai yake lenyewe.

"Hii tukaange tu," mama yake alisema.

Drocella akaomba wiki moja, akalitilia dume ili litage tena.

Asubuhi ya nane yeye na mama yake walifunua beseni pamoja. Jike lilikuwa na yai mdomoni, jembamba kuliko punje ya mchele.

"Unaona? Inakula tena."

"Ngoja kwanza, Mama."

Jike likalibeba yai hadi penye unyevu, likaliweka taratibu kati ya mengine, likalipapasa kwa papasi zake ndefu za kichwani.

Mama akapiga magoti. Akacheka bila sauti, kiganja mdomoni.

"Funika pole pole," akanong'ona. "Usisumbue muzazi."