Uso wa Simba

Bi Mwajabu alipofika kwa bintiye, alimpakata mjukuu wake na kuanza mchezo wao wa siku zote, wa uso wa simba. Hukunja paji la uso, akapandisha nyusi, akanguruma, na mtoto hucheka mpaka akakosa pumzi.

Leo alinguruma tu. Paji lilibaki laini kama yai. Mtoto akamkodolea macho, akingoja.

Nasra, bintiye, alikuwa akimenya viazi. Aliinua kichwa, akaona ngozi inayong'aa, ncha za nyusi zilizopanda, na pembeni mwa jicho alama ya damu iliyovilia, ndogo kama punje ya uwele.

"Mama, umechomwa sindano za kuondoa mikunjo ya uso?"

"Mafuta mapya tu hayo."

"Hebu nuna nikuone."

Bi Mwajabu alijaribu. Midomo ilinuna, macho yakawa makali, lakini juu ya macho hakukutokea kitu.

"Nimechoka kuulizwa na kila mtu kama naumwa," akasema. "Na daktari kasema zinaisha zenyewe, miezi michache tu."

"Miezi michache ndiyo umri wake wote huyu, mama."

Bi Mwajabu akaibana ngozi ya paji kwa vidole mpaka ikajikunja, akanguruma tena. Mtoto akatazama vidole.

Nasra akaweka kisu chini, amekasirika, paji lake lote mikunjo. Mtoto akageuka, akamwona, akaangua kicheko.