Pumzi za Mama Watoto

"Ngoja kwanza, baba watoto. Pumzi zimeniishia."

Bibi alishika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, akainama, akahema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Walikuwa wamefika ghorofa ya kwanza tu. Kwao ni ya nne.

"Tena?" alisema mumewe.

"Miguu siyo yangu leo. Kaa nami kidogo."

Mzee aliguna, akaketi kwenye ngazi kando yake. Alikuwa pande la mtu, mchukuzi mstaafu wa ghala la saruji, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Winchi. Bibi, fundi cherehani, alikuwa mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Upepo ukivuma, watu walimtazama kwa wasiwasi.

Tangu ule mshtuko wa moyo, nyumba yao haikuwa ile tena. Chumvi ilifukuzwa jikoni. Binti yao alipiga simu asubuhi na jioni kuuliza kama dawa zimemezwa. Daktari naye hakuzungusha maneno: katika umri huu, wengi humalizwa na unyonge unaofuata. Mgonjwa atembee kila siku, lakini apumzike mara kwa mara. Akijitia ushujaa, asimlaumu mtu.

Basi kila siku walitoka kutembea, na kila baada ya hatua chache bibi aliomba poo. Mara kiatu kinambana, mara kizunguzungu, mara aone kibaraza cha duka la rangi na kusema hapo haondoki mpaka aketi. Winchi alinung'unika njia nzima, lakini alisubiri.

"Una subira, mzee," jirani wa ghorofa ya pili alimwambia. "Mwingine angeshamwacha huko nyuma."

"Nitafanyaje? Ndiye niliyepewa," alijibu Winchi, na bibi akacheka hadi akakohoa.

Siku ya kliniki waliingia polepole, bibi akining'inia kwenye mkono wa mumewe. Muuguzi alipowaona alikimbilia kiti cha magurudumu.

"Pole, bibi. Karibu ukae."

"Asante, mwanangu." Akaketi bila ubishi.

Mlango wa daktari ukafunguka. "Mgonjwa aingie."

Winchi akainuka, akaanza kufungua vifungo vya shati.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akatabasamu. "Mzee, sikutegemea haya. Moyo unapata nguvu, na miguu pia. Kumbe unapumzika njiani kama nilivyokwambia?"

"Mimi? Nipumzike nimechoka nini? Ni mama watoto huyo. Siku hizi hata ghorofa moja haimalizi bila kutua. Inabidi nikae nimsubiri."

"Basi endelea kumsubiri," alisema daktari.

Nje, muuguzi alimwambia bibi, "Dawa za mzee zinachukuliwa ghorofa ya tatu, na lifti imeharibika. Subiri nitafute mtu wa kumtuma."

Bibi aliutazama mlango wa daktari. Ulikuwa bado umefungwa. Akaruka kutoka kwenye kiti, akakunja gauni, akazipanda ngazi mbili mbili, akarudi na mfuko wa dawa kabla muuguzi hajafunga mdomo. Akaketi tena kwenye kiti cha magurudumu, akaweka mtandio sawa.

Kitasa kiliposogea, akaanza kuhema.