Metrine wa Albamu ya Kwanza

Loice alirudisha wimbo nyuma tena. Sauti ilikuwa ya Duke, mchumba wake, hakuna ubishi. Lakini jina aliloliita halikuwa la Loice.

"Metrine, usiende. Metrine, ukienda nani ataniamsha?"

Albamu za karibuni alizijua zote kwa kichwa. Ndizo zilizomfanya ampende Duke kabla hata ya kumpa mkono: gitaa safi, maneno matamu, na ndani yake mpenzi asiyetajwa jina, ambaye Duke aliapa ni yeye. Sasa harusi ilikuwa Jumamosi, na Loice alitaka tu kusikia bendi ya Duke ilikotoka. Akaitafuta ile ya kwanza, waliyorekodi jikoni kwa kina Duke, Kabianga. Mvua inapiga mabati, ngoma inakimbia kuliko gitaa, na Duke mwenyewe hajajua kuimba. Ila katika zile za studio, hakuna mahali analia hivi.

"Tulipokosa, wewe ulitulisha. Nikikuita ng'ambo ya mto, unageuka."

Loice hakuwahi kumlisha Duke. Alimkuta ameshashiba.

Akampigia simu. "Metrine ni nani?"

"Alishaenda, Loice. Tafadhali tusiongee hayo."

"Ulimpenda?"

"Nimesema tuache."

Loice alimpata Gibson, mpiga ngoma wa bendi, kwa kinyozi sokoni Sosiot, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Shemeji! Metrine? Huyo nilikuwa namwogopa mimi! Siku moja alinipiga hapa, goti likafura kama andazi." Kisha akauona uso wa Loice, kicheko kikaisha. "Lakini Duke usimkumbushe. Siku Metrine alipoenda, huyo jamaa alilia nyuma ya nyumba kama mtoto."

"Alienda wapi?"

"Uliza mama yake Duke. Mimi nataka kula pilau ya harusi, sitaki maneno."

Loice alirudi nyumbani, akaketi kitandani akilitazama gauni ukutani. Mahari ilishapokelewa. Kanisa lilishatangaza. Mama yake alishaalika mpaka watu wa kwao ziwani. Lakini je, utaolewaje na mtu ambaye machozi yake yote yana jina la mwingine? Hata akikuimbia kila jioni, utakuwa unasikiliza nini?

Asubuhi alilikunja gauni, akalitia kwenye mfuko, akaenda Kabianga.

Mama Kemuma, mzazi wa Duke, alikuwa shambani, kikapu mgongoni, vidole vikichuma chai bila kutazama.

"Karibu, bibi arusi! Umekuja kunisaidia?"

"Nimerudisha gauni mlilonishonea, mama."

Vidole vikasimama.

"Siwezi kuingia nyumba ambayo mwingine hajatoka," Loice akasema. "Nimesikia wimbo. Duke mwenyewe hataki kunieleza. Kama bado anamtaka Metrine wake, amfuate huko aliko."

Mama Kemuma akateremsha kikapu polepole, akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Metrine? Lakini si yuko kwenu Sosiot, mwanangu, yule mwekundu ambaye babako anamkamua kila asubuhi! Siku ya kupeleka mahari Duke alimfungua kamba kwa mkono wake, akasema kama ni kwa Loice, basi hata huyu aende."