Daktari wa Meno Ambaye Hakuzaliwa

"Huyo daktari wa meno hakuwahi kuzaliwa," mzee alisema, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyeshiba.

Wakili aliacha kuandika. "Hakuzaliwa?"

"Hakuzaliwa, hakusoma, hakung'oa jino la mtu. Nilimbuni mimi."

Binti yake, aliyeketi kando ya makabati ya kadi za maneno, nusura adondoshe kikombe. Miaka kumi na minne alikuwa akifanya kazi na baba yake kwenye matoleo mapya ya kamusi ile, akisahihisha, akibandika, akigombana na koma, na hadithi ya daktari yule aliiamini kama anavyoiamini kalenda ya ukutani.

Kamusi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza cha mitaani, yale maneno machangamfu ambayo walimu huyafukuza mlangoni yakarudi kupitia dirishani. Kila neno lilielezwa kwa Kiswahili, maana yake na asili yake. Mzee aliimalizia ujana wake na nusu ya macho yake. Sasa shirika moja la vitabu lilikuwa limetoa kamusi iliyofanana na yake kama shilingi kwa ya pili, nao walikana kuiba hata herufi. Kesi ilikuwa wiki ijayo. Mzee akishindwa, angeingia kaburini huku jasho lake likiitwa la wenzake, na jambo hilo lilimnyima binti usingizi kuliko lilivyomnyima yeye.

"Nieleze huo mtego," wakili alisema.

Ni desturi ya baadhi ya watunga kamusi, mzee alieleza. Huchomeka uongo mmoja mdogo katikati ya kweli elfu, na anayenakili hunakili na uongo. Yeye aliuficha kwenye neno skedaddle, yaani kutimua mbio. Asili yake halisi hakuna aijuaye kwa hakika. Wataalamu wamekisia mpaka wamechoka. Basi akaandika kwamba lilitokana na daktari wa meno aliyeng'oa jino zima akaacha bovu. Mgonjwa alipojipapasa kinywani, daktari akaruka dirishani, pekupeku, koleo mkononi.

Wakili alifungua kamusi ya wale wengine, akasoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Hata koleo wamelibeba!"

"Za mwizi ni arobaini," mzee alisema.

Binti naye alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alihisi kifua kimefunguka.

"Lakini watasema ni hadithi ya mtaani tu, kila mtu anaijua," wakili aliendelea. "Kwa hiyo, mzee, uliibuni lini? Na nani mwingine aliijua kabla kitabu hakijatoka?"

"Tarehe nne Machi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Wiki ile siwezi kuisahau." Sauti yake ilishuka. "Ndiyo wiki aliyoondoka mke wangu."

Binti alitazama sakafu. Alikuwa na miaka kumi na moja mama yake alipowaacha, bila kuaga ana kwa ana, bila kuandika tena hata mstari mmoja. Na mama yule alivyopenda maneno! Haya ya mitaani alikuwa akiyarusha jikoni kutwa nzima, na watu walisema ndiye aliyempa mumewe wazo la kamusi. Binti alimlilia mwaka mzima, kisha akamchukia. Mama yake mdogo alipokuja kuapa kwamba dada yake asingeweza kumtupa mtoto wake, binti mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.

"Pole, mzee, lakini lazima niulize," wakili alisema. "Mkeo hakuijua?"

"Tulikuwa hatusemezani tangu mwaka mpya. Chumba changu cha kazi nilikuwa nakifunga kwa ufunguo. Nilichapa ukurasa ule mwenyewe, nikaufunga kwenye bahasha pamoja na kurasa nyingine, nikaupeleka kwa mchapaji, kitabu kikatoka Agosti. Kabla ya hapo, nyumbani na mtaani kote, si mke, si mtoto, si jirani. Naapa."

"Hayo ndiyo maneno ninayoyataka." Wakili aliyaandika, akamgeuzia karatasi, na mzee akatia sahihi yake ndefu yenye mkia.

"Sasa wewe, dada." Wakili alimgeukia binti. "Watakuita kizimbani. Watakuuliza daktari huyu ulimsikia wapi mara ya kwanza. Ukisema nyumbani, tumekwisha."

Binti alitabasamu. Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yake ya kila siku: kila neno lilitafutiwa mtu wa kwanza kulitamka, siku na mahali.

"Kwenye kamusi," alijibu.

Kisha, kwa mazoea ya kazi, alirudi nyuma akilini kuhakikisha. Hapana, haikuwa kwenye kamusi. Kamusi ilipoletwa nyumbani mwezi ule wa Agosti, alipofika kwenye neno lile aliufunga ukurasa kwa hasira, kwa sababu daktari alikuwa anamjua tayari. Alikuwa amekutana naye asubuhi ya tarehe sita Machi, chini ya mto wake wa kitanda, kwenye barua iliyopigwa taipureta ambayo mpaka leo aliijua kwa ghibu.

*Mwanangu, mama yako ame-skedaddle, kama yule daktari wa meno, pekupeku, koleo mkononi. Usinitafute.*

"Dada?" wakili aliita. "Una uhakika ni kwenye kamusi?"

Binti alikuwa akimtazama baba yake, aliyekuwa akiirudishia kalamu kifuniko chake.

"Baba," alisema, "mama ulimweka wapi?"