Dawa Isiyoua

Kiwavi hakukimbia. Bibi alimgusa kwa ncha ya kijiti, akamgusa tena, naye akabaki amejikunja palepale kwenye jani la muhindi, hai lakini mzito kama mgonjwa. Mgongoni alibeba punje nyeupe, ndogo kuliko mchele, zimeshikamana.

"Mayai," Bibi alisema peke yake.

Akatazama muhindi wa pili. Huko nako kiwavi na mzigo wake mweupe. Na wa tatu vilevile.

Alikuwa ameamka mapema makusudi, akafunga mlango taratibu ili mkamwana wake asishtuke. Binti yule alikuwa na mimba kubwa, hata kuinama ilikuwa kazi, na bado kila jioni alimchemshia Bibi maji ya kuoga bila kuambiwa. Mwaka jana viwavi walikomba shamba hili, hawakuacha hata gunzi, nyumba ikaishi kwa sahani za majirani. Safari hii kungekuwa na mtoto mchanga, na majirani wenyewe hawakuwa na cha kuongeza.

Ndiyo maana walimkubalia bwana shamba na dawa yake, ingawa Bibi hakuipenda tangu mwanzo. Dawa gani ya wadudu, unaipuliza asubuhi, jioni viwavi bado wanatembea? Alipouliza, mkamwana alicheka kidogo.

"Haiui, mama. Amesema inayazindua mahindi tu, yajipiganie yenyewe."

"Kwa ngumi gani?"

Mkamwana naye hakujua. Alichoshika ni onyo moja: wasipulize dawa nyingine yoyote mpaka bwana shamba arudi. Bibi alilitii, japo jirani alimtania kwamba amenunua dawa ya kubembeleza viwavi.

Lakini shamba lilikuwa limebadilika. Tangu lipulizwe lilitoa harufu ya majani yaliyokatwa, na hakuna aliyekata kitu. Vijidudu vyeusi, vyembamba kama uzi, vilizunguka juu ya majani. Bibi alipovipunga kwa mtandio viliondoka, kisha vikarudi. Jana alilala akiwaza kwamba shamba lile linazungumza na mtu asiyemjua.

Na sasa mayai haya. Yakianguliwa yote, hata mabua yasingebaki.

Dawa nyingine asingepuliza, alikuwa ameahidi. Lakini mikono yake haikuwa dawa. Alichukua debe kuukuu, akaanza mstari wa kwanza. Aliwachagua wenye punje nyeupe, mmoja mmoja, na punje zilizobaki zimeng'ang'ania jani alizibandua kwa ukucha. Wasio na kitu mgongoni aliwaacha. Hao angewarudia, kwanza akate uzao.

Alifika mwisho wa shamba jua likiwa kali, kiuno kimekufa ganzi. Akamwagia debe mafuta ya taa, akawasha. Alipouona moshi alijihisi mwepesi, kama mtu aliyekomea mlango kabla mwizi hajafika.

Mkamwana alikuja akimtafuta, amejishika kiuno, bwana shamba nyuma yake. Bwana shamba alimwamkia Bibi kwa heshima, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Mnaisikia harufu? Ndiyo kazi ya dawa. Mahindi yanaita nyigu, wale wadogo weusi. Nyigu anataga ndani ya kiwavi. Watoto wake wakishamla wanatoka, wanajifunga kwenye vifuko vyeupe pale mgongoni." Alipiga magoti, akafunua jani, kisha jingine. "Kwingine kote watu wamepuliza sumu, nyigu wamekwisha. Hawa wa kwenu ndio mbegu iliyobaki. Wakipasua vifuko, tumepona. Viwavi wenye vifuko wako upande gani, bibi?"

Mkamwana aliliangalia debe, akaiangalia mikono ya Bibi yenye masizi, akaishika yote miwili polepole, kama anayeiosha.

Kwenye jani lililokuwa karibu yao, kiwavi mwenye mgongo mtupu alikuwa akila. Upepo ukapita. Mahindi yalikuwa bado yananukia, yanaita.