Sauti Moja Chini

Haroub alizungusha kigingi, akapiga uzi, akasikiliza, akalegeza tena kidogo. Nyuzi sita kati ya kumi na moja za udi wake zilikwisha kushuka sauti moja. Ijumaa, mbele ya harusi nzima, sauti ilimkwama Bi Shemsa kileleni mwa wimbo wake, naye akaapa haimbi tena. Na Haroub hakuwahi kumpigia udi mtu mwingine.

Hodi ikabishwa. Bi Shemsa aliingia na mtandio wa kikundi chao cha taarabu, umekunjwa vizuri.

"Nimekuja kuurudisha huu." Akautazama udi. "Unafanya nini, kaka Haroub?"

"Naushusha wimbo. Vidole vimezeeka."

"Mwongo mkubwa! Vidole vyako vinapita njia ileile miaka thelathini. Ukilegeza nyuzi, vyenyewe havina habari. Ni mimi unayenishusha."

Ni kweli, Haroub hakujua njia nyingine ya kuupiga wimbo ule.

"Nikiuimba chini hautakuwa wangu," alisema Bi Shemsa taratibu. "Watu watadhani ni mama mwingine."

"Mimi nitakujua."

Bi Shemsa aliuweka mtandio kitini, akatoka.

Haroub akautundika udi ukutani, nyuzi tano bado ziko juu. Hizo za kesho. Kutoka kichochoroni akamsikia Bi Shemsa akienda zake, akiuimba wimbo kwa sauti ndogo, juu palepale pa zamani, mpaka sauti ikamkatika. Zikasikika hatua zake kadhaa. Kisha akauanza upya, chini kidogo.